Kofia ya hudi yenye nakshi za rangi, mtindo wa miaka ya 1940: jinsi ya kuifuma kwa sufu ya sweta la mitumba

Juni ikishaingia hapa Njombe, mzula hautoshi. Unafunika utosi na nusu ya masikio, shingo inabaki nje. Hudi ya kufuma inafunika vyote: inaanzia chini ya kidevu, inapanda juu ya masikio, inamalizikia kwa ncha ndogo nyuma ya kichwa, na inafungwa kwa kamba shingoni. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kusubiri gari, ndipo utakapoijua thamani yake.

Mtindo huu ulivaliwa sana na wanawake na watoto wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kuanzia tarehe 1 Juni 1941 nguo kule zilinunuliwa kwa kuponi, na mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza. Uzi wa kufumia nao ulikatiwa kuponi. Mgawo huo haukuisha na vita, uliendelea hadi Machi 1949. Kwa hiyo sweta lililotoboka viwiko halikutupwa: lilifumuliwa, uzi ukaoshwa, ukafumwa upya. Shida ni kwamba uzi wa namna hiyo hupatikana kidogo kidogo, rangi hii gramu 20, rangi ile gramu 15. Hapo ndipo nakshi za Fair Isle zilipowafaa. Fair Isle ni kisiwa kidogo kilicho kati ya visiwa vya Orkney na vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, na ufumaji wake ulikuwa na jina tangu 1922, pale mrithi wa ufalme, aliyekuja kuwa Edward VIII, alipovaa sweta la kisiwa hicho kwenye gofu kule St Andrews. Nguo ya Fair Isle ukiitazama utadhani ina rangi kumi katika kila mstari. Hapana. Kila mstari una rangi mbili tu, moja ya chini na moja ya nakshi, na mbili hizo zinabadilishwa kadiri unavyopanda. Kibonge cha uzi kinachotosha mistari mitatu tayari kina kazi.

Nimeandika mwongozo huu kwa mtu anayejua kuanza vitanzi, kufuma na kufunga, lakini hajawahi kushika nyuzi mbili kwa pamoja. Nitatumia maneno mawili mara nyingi: pleni, kile kitanzi laini chenye umbo la herufi V, na pali, kile chenye kinundu.

Kutafuta sufu

Madukani kwetu uzi mwingi ni wa akriliki. Unafumika, na kama ndio ulionao, anza nao. Ila kwa nakshi za rangi mbili sufu ya kondoo ni bora zaidi, kwa sababu nywele zake zina magamba madogo yanayoshikana. Nyuzi zinazopita mgongoni mwa kitambaa hazitelezi, na vitanzi vikiwa havilingani sana, maji ya kuoshea yanavisawazisha. Halafu sufu hata ikipata umande bado inatunza joto.

Sufu hiyo ipo mnadani, kwenye mitumba. Tafuta masweta ambayo wengine wameyaacha kwa sababu ya tundu la kiwiko au doa kifuani. Kabla ya kulipa, ligeuze ndani nje na uangalie mshono wa ubavuni. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa ovaloki, liache, maana ukilifumua utapata vipande vya urefu wa mkono tu. Unataka mshono uliounganisha kingo mbili nzima, ambao ukikata uzi wake mmoja unaachia wote. Na sweta ambalo sufu yake imegandamana kwa kufuliwa na maji ya moto, likawa kama blanketi, halifumuki.

Lebo ikiwa imekatwa, omba kunyofoa kauzi kadogo pembeni na ukachome kwa kiberiti. Sufu inaungua taratibu, inanuka nywele zilizoungua, na inaacha jivu jeusi linalosagika kati ya vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kipunje kigumu kama shanga. Usikisie kwa kushika tu, siku hizi akriliki nyingine ni laini kuliko sufu.

Nyumbani, tenganisha mikono na kifua, kisha anza kufumua kutoka juu, shingoni, kwa kuwa masweta mengi yalianza kufumwa kutoka pindo la chini na uzi unaachia kuanzia pale ulipofungwa mwisho. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Ukishafika wa kutosha, ufunge kwa kamba nyembamba sehemu nne usije ukajisokota, utoe, uloweke dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu yenye shampuu kidogo, uusuuze, uutundike kivulini. Utakuwa umejikunja kama tambi. Ning'iniza kijiko kizito chini yake na utanyooka unapokauka. Usiruke hatua hii: uzi uliojikunja unakudanganya kwenye vipimo.

Rangi

Kwa hudi ya mtu mzima andaa gramu 100 za rangi ya chini na gramu 15 hadi 20 za kila rangi ya nakshi. Tatu au nne zinatosha. Uzi uwe wa unene wa kati, ule unaofumika vizuri kwa sindano za milimita 4, na rangi zote zikaribiane unene.

Hapa watu wengi wanakosea, nami nilikosea. Tunachagua rangi zinazopendana, nyekundu na kijani, tunafuma jioni nzima, na asubuhi nakshi haionekani. Nyekundu na kijani zinaweza kuwa tofauti kabisa kwa rangi lakini zikalingana kwa mwanga. Jicho likiwa mbali linaona giza na weupe kwanza. Panga vibonge vyako mezani, vipige picha kwa simu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Vibonge viwili vikitoka na kijivu kilekile, visikutane mstari mmoja. Nashauri rangi ya chini iwe nzito, kahawia iliyoiva au buluu ya usiku, na zote za nakshi ziwe nyepesi kuliko hiyo: maziwa, haradali, kijivu cha majivu, waridi iliyopauka. Ukishika kanuni hiyo, karibu mabaki yoyote yatakaa pamoja.

Vifaa

Sindano ndefu za milimita 4 kwa kazi kubwa na za milimita 3.5 kwa ribu, ule ukingo unaovutika wa pleni na pali kwa zamu; sindano moja ya tatu ya milimita 4 kwa kufungia mwisho; sindano butu ya kushonea; futi ya kamba; na daftari la hesabu lenye miraba ili uchore nakshi, mraba mmoja kwa kitanzi kimoja.

Nakshi zenyewe

Nakshi mbili tu. Ya kwanza naiita wimbi, ina mistari mitatu na inajirudia kila vitanzi 4. Ya pili ni almasi, mistari saba, inajirudia kila vitanzi 6. "Chini" ni rangi ya chini, "nakshi" ni rangi ya nakshi. Sehemu iliyo ndani ya mabano unairudia mpaka kibaki kitanzi kimoja kabla ya kile cha ukingoni.

Wimbi:
1. (nakshi 1, chini 3), malizia nakshi 1
2. (chini 1, nakshi 1, chini 1, nakshi 1), malizia chini 1
3. (chini 2, nakshi 1, chini 1), malizia chini 1

Almasi:
1. (chini 3, nakshi 1, chini 2), malizia chini 1
2. (chini 2, nakshi 3, chini 1), malizia chini 1
3. (chini 1, nakshi 2, chini 1, nakshi 2), malizia chini 1
4. (nakshi 2, chini 3, nakshi 1), malizia nakshi 1
5. kama mstari wa 3
6. kama mstari wa 2
7. kama mstari wa 1

Zichore daftarini kwanza. Utaona kwamba kila mstari ukiusoma kutoka kulia au kutoka kushoto ni uleule. Nilizipanga hivyo makusudi. Hudi hii inafumwa kwenda na kurudi, mstari mmoja wa pleni mbele ya kazi, unaofuata wa pali nyuma yake, na nakshi isiyolingana pande mbili ingekulazimu kuisoma kinyume kila unaporudi. Hizi hazina haja hiyo.

Mstari wa 4 wa almasi ndio kitovu. Ufume kwa rangi yako inayong'aa kuliko zote, hata kama una mita chache tu za uzi huo. Kubadilisha rangi pale katikati ni desturi ya Fair Isle, na ndiko kunakoipa almasi uhai.

Kipande cha majaribio

Anza vitanzi 27 kwa sindano za milimita 4. Fuma mistari 2 ya rangi ya chini, wimbi, mistari 2 ya chini, almasi. Hiyo ni mistari 14, na nitaiita seti. Fuma seti mbili, funga, osha, kausha kwa kulaza. Pima katikati, mbali na kingo: tunataka vitanzi 22 na mistari 24 katika sentimita 10. Vikizidi 22, kazi yako imebana, panda sindano ya milimita 4.5. Vikipungua, shuka 3.5.

Kushika nyuzi mbili kunazoeleka katika kipande hiki. Chagua tangu mwanzo kwamba uzi wa rangi ya chini unatokea juu ya mwenzake na uzi wa nakshi unatokea chini yake, na usibadilishe mpaka mwisho wa kazi. Unaotokea chini hutoa kitanzi kikubwa kidogo, na nakshi inasimama mbele. Ukivichanganya, almasi moja itakuwa na nguvu na jirani yake imefifia, nawe hutajua sababu.

Jambo la pili ni uzi wa mgongoni. Unapofuma chini 5 mfululizo, uzi wa nakshi unapita nyuma ya vitanzi hivyo vitano bila kufumwa. Ukiuvuta, kitambaa kinakunjamana. Hudi yangu ya kwanza ilikuwa na vitanzi 111, lakini nilipoipima ilitoka sentimita 43 badala ya 50, na haikunyooka hata kwa maji. Niliifumua yote mpaka kwenye ribu. Tangu siku hiyo, kila ninapokaribia kubadilisha rangi, navitandaza kwa kidole vitanzi vilivyo kwenye sindano ya kulia, viachane kama vitakavyokaa kichwani, ndipo nauvusha uzi. Unapita umelala, haujavutwa wala haujaning'inia. Geuza kazi na uweke kidole chini ya uzi huo: ncha ya kidole ipenye, kidole kizima kisipenye.

Kufuma hudi

Kwa sindano za 3.5 na rangi ya chini, anza vitanzi 110. Huu ndio ukingo wa usoni, unaozunguka kutoka upande mmoja wa kidevu hadi mwingine. Fuma ribu ya pleni 2, pali 2, mistari 8: mstari wa mbele unaanza na kuishia na pleni 2. Katika mstari wa 8 ongeza kitanzi kimoja popote katikati. Sasa una 111: kimoja cha ukingoni kila upande, 108 vya nakshi, na kimoja cha kulinganishia. Nilichagua 108 kwa sababu inagawanyika kwa 4, kwa 6 na hata kwa 12. Siku ukitaka nakshi yako mwenyewe itaingia bila hesabu ngumu.

Badili sindano ziwe za 4. Fuma seti tatu, kisha mistari 2 ya rangi ya chini. Jumla mistari 44. Kila seti ipe rangi zake, mathalani wimbi la maziwa na almasi ya haradali katika ya kwanza, wimbi la kijivu na almasi ya waridi katika ya pili. Katika mistari yenye rangi mbili, vitanzi vya ukingoni vifume kwa nyuzi zote mbili pamoja, ili uzi usiotumika ufike mwisho wa mstari na kazi isiachie pembeni. Mstari unaofuata, kitanzi hicho chenye nyuzi mbili kihesabu kama kimoja.

Mistari ya pali inawatisha wengi. Kusema kweli naiona ina nafuu yake: nyuzi za mgongoni zinakutazama usoni, unaziona zinavyolala, unarekebisha papo hapo.

Almasi ya kwanza ikishakamilika, simama uihesabu. Kosa la kitanzi kimoja likigunduliwa hapo ni la robo saa. Likigunduliwa seti ya tatu ni la siku mbili. Kosa dogo la rangi, kitanzi kimoja kilichotakiwa kuwa cha maziwa kikawa cha kahawia, usifumue kwa ajili yake. Mwishoni kipitishie juu uzi wa rangi sahihi kwa sindano butu, ukifuata umbo la V, na hakuna atakayejua.

Kufunga mgongo

Katika mstari wa 44 punguza kitanzi kimoja, vibaki 110. Gawa vitanzi 55 kwenye sindano moja na 55 kwenye nyingine, ukunje kazi, pande nzuri zitazamane ndani. Kwa sindano ya tatu, ingiza kwenye kitanzi cha kwanza cha sindano zote mbili na uvifume pamoja kama kimoja. Fanya hivyo kwa vya pili, kisha kile cha kwanza kirushe juu ya cha pili. Endelea hadi mwisho. Geuza. Una mshono ulionyooka nyuma ya kichwa na ncha juu yake, ile ncha ya kizamani yenyewe. Asiyeipenda ncha aishone kwa ndani: pima sentimita 3 kutoka kwenye pembe, shona kukatisha, pembe ibaki upande wa ndani.

Shingo na kamba

Kwa sindano za 3.5 na rangi ya chini, mbele ya kazi ikikutazama, okota vitanzi (chomeka sindano ukingoni na uvute uzi utokee kama kitanzi kipya) kwenye ukingo wa chini kuanzia kona moja ya uso hadi nyingine: okota vitatu, ruka mstari mmoja. Kila upande una mistari 52, ribu ikiwemo, kwa hiyo utapata 39 kabla ya mshono na 39 baada yake, jumla 78. Ukingo uliokuwa na sentimita 42 unajivuta na kukumbatia shingo.

Fuma ribu ya 2 kwa 2 mistari 3, ya kwanza ikiwa upande wa nyuma na kuanza na kuishia na pali 2. Mstari wa 4 ni wa matundu: pleni 2, kisha (zungusha uzi juu ya sindano, pali vitanzi viwili pamoja, pleni 2) hadi mwisho. Matundu 19. Mistari 4 zaidi ya ribu, ufunge kwa kulegeza ili ukingo usiibane shingo.

Kamba: kata nyuzi tatu za sentimita 280, ncha moja ifunge kwenye kitasa cha mlango, sokota nyingine mpaka uzi uanze kujikunja wenyewe, kisha ukunje katikati na uachie. Utapata kamba ya mita moja na ushei. Ipenyeze kuanzia nje, ingia na kutoka, ukiruka tundu moja la katikati nyuma, na ncha zote mbili zitatokea nje. Ncha ziwekee vishada vya mabaki ya rangi zote ulizotumia.

Hudi ya mtoto wa miaka minne hadi sita: anza 98, ongeza ziwe 99, fuma seti mbili kisha mistari 2 ya chini, wimbi, na mistari 3 ya chini, ambayo inafanya 36. Punguza kimoja, funga 49 kwa 49, okota 66 shingoni. Kwa mtoto usiweke kamba kabisa, kwa sababu kamba ya shingoni inaweza kunasa kwenye tawi au bembea ikamkaba. Usitoboe matundu. Badala yake okota vitanzi 8 kwenye ncha moja ya ribu ya shingo, fuma pleni mbele na nyuma kwa sentimita 9 ukiacha tundu la kifungo karibu na mwisho, na ushone kifungo upande wa pili.

Ficha ncha za nyuzi kwa ndani, kila moja kwenye rangi yake. Loweka hudi dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu, usiisugue, usiikamue kwa kusokota. Ivingirishe ndani ya taulo, ikanyage kwa miguu mitupu, kisha ilaze kivulini juu ya taulo kavu na kuinyoosha kwa viganja: sentimita 25 mgongoni, 21 kutoka usoni hadi mshononi. Kwa baridi ya Julai huwa inakauka siku ya pili, jioni.